Ua Jeupe Ndani ya Tangi

Mabibi harusi wanaokuja kwetu kupima nguo huuliza swali moja kabla hata ya kuuliza bei: lile ua jeupe ndani ya maji ni la kweli au la plastiki? Ni la kweli, alhamdulillah. Kwa hiyo leo tuweke vitambaa pembeni kidogo, tuzungumze maua.

Sisi ni mtu na mdogo wake, tumetoka Unguja, tunashona Mvumi, kusini-mashariki mwa jiji la Dodoma. Huku kilua hukipati, na asumini tunayo moja tu, kwenye ndoo. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, kisha ni vumbi na upepo. Ndiyo maana tangi letu la samaki, la lita 60 tu, watu hulisimamia kama wako maonyesho.

Ua hilo ni la mmea unaoitwa anubiasi. Kwao ni Afrika ya Magharibi na ya Kati, Kameruni na Gaboni huko, kando ya mito iliyo chini ya kivuli cha msitu. (Jina walilipa wataalamu wa Ulaya karne ya 19, kwa kumkumbuka mungu mmoja wa Wamisri wa kale. Jina tumewaachia, mmea tumechukua.) Jamii yake ni moja na magimbi tunayopika kwa nazi, na vilevile na yale maua meupe ya umbo la kikombe ambayo mabibi harusi wa siku hizi wanapenda kuyashika. Ukilitazama karibu, ni kama kipande cha shela kilichozungushiwa kijiti. Na huchanua hata likiwa limezama kabisa.

Kuuzalisha huhitaji mbegu. Mmea huu una shina nene linalotambaa. Chukua wembe safi, kata shina hilo, kila kipande kibaki na majani matatu au manne na mizizi yake. Kisha usikifukie mchangani, maana shina likifukiwa huoza. Kifunge juu ya jiwe kwa uzi wa pamba. Hapa sisi mafundi tunajidai kidogo: uzi wa pamba huoza wenyewe baada ya muda, na wakati huo mizizi imeshalishika jiwe. Uzi wa nailoni utabaki pale miaka. Halafu kuwa na subira, kwani huota polepole sana; jani moja jipya laweza kuchukua wiki kadhaa. Usiweke tangi dirishani kwenye jua kali, ukijani utajaa kwenye kioo na kwenye majani.

Mmea wetu wa pili ni valisneria, majani marefu kama utepe. Jamaa zake wanaota hata Ziwa Tanganyika. Huu una kisa. Dume na jike ni miche mbalimbali. Ua la jike hupanda juu kwa kikonyo kirefu chembamba hadi usoni mwa maji, linangoja. Maua ya dume, madogo mno, hukatika chini, yanaibuka na kuelea mpaka yamfikie. Likishapata, kikonyo hujikunja kama springi na kulivuta ua chini, tunda likomae ndani ya maji kwa stara. Ukisoma Suratu Yaasin, pale Mwenyezi Mungu anapotaja kuumba jozi katika vinavyooteshwa na ardhi, huyu mfikirie.

Tangini kwetu yote ni majike, kwa sababu yote yametokana na mche mmoja. Bi harusi mmoja, wa umri wetu, ambaye watu wamemsema sana kwa kuchelewa, alituuliza, "Kwa hiyo huyu haolewi?" Tulicheka mpaka pini zikaanguka. Tukamwonyesha vikonyo vinavyotambaa mchangani, kila kimoja kina mche mpya mbele yake. Unaungoja utoe mizizi na majani kadhaa, ndipo unaukata na kuuhamisha.

Sasa la maji, maana ndilo zito. Wakati wa kiangazi maji huku ni ya foleni. Bibi jirani yetu, Mgogo, aliingia siku moja, "Mbukwenyi," akasimama mbele ya kioo. "Wanangu, maji yote haya ni ya samaki?" Hakusema kwa ubaya, lakini usiku ule hatukulala vizuri. Tumefundishwa kuepuka israfu hata katika udhu, hata ukiwa ukingoni mwa mto. Je, pambo?

Tukakaa tukapiga hesabu. Tunabadilisha lita 10 kwa wiki, nusu ndoo. Maji yanayotoka yana mbolea ya samaki, yanakwenda kwenye mchicha na ile asumini. Mimea ikiwa mingi na samaki wachache, maji hukaa safi muda mrefu zaidi, kwa hiyo tumebaki na samaki sita na tunawalisha kidogo. Tangi la pili tulilolitamani hatulinunui. Tungekuwa mjini kwenye bomba la uhakika, labda tungejibu vingine.

Bibi tulimweleza. Akatuhadithia jinsi mwaka 1986 mifugo ilivyoondolewa Mvumi, wakati wa mradi wa kuhifadhi ardhi wa HADO, ili majani yarudi kwenye makorongo. Mchicha sasa anachuma yeye, sisi tunapata unaobaki.

Vipande vya anubiasi tunavyo, tunawapa mabibi harusi wanaochukua nguo, kila mmoja na jiwe lake. Sharti ni moja: ukichoka na mmea wowote wa tangi, ukaushe juani kisha utupe, usiumwage bwawani wala mtoni. Gugu maji la Ziwa Victoria nalo lilipendwa kwanza kwa maua yake.