Kaza Kabla ya Kukohoa

3 Februari
Mpira wa mkojo umetolewa jana. Daktari anasema tezi dume imetoka yote, na saratani haikuwa imevuka nje yake. Alhamdulillahi. Lakini nikisimama, mkojo. Nikikohoa, mkojo. Nimenunuliwa pedi za watu wazima. Bei yake inauma kuliko mshono.

9 Februari
Mazoezi ya kwanza kwa simu ya video. Mtaalamu wa viungo yuko Dar es Salaam, mimi Tanga. Binti wa rika la kitindamimba wangu ananiambia bila kupepesa: "Baba, jikaze kama unazuia upepo usitoke, kisha kama unauvuta uume uingie ndani." Nikaangalia dirishani. Yeye akaendelea na kazi yake. Tezi ikitolewa, kizuizi cha ndani cha mkojo huathirika, na mzigo unabaki kwa msuli wa nje, pamoja na misuli iliyoshika nyonga kwa chini. Kaza hadi sekunde 10, legeza muda uleule, mara 10. Asubuhi, mchana, usiku. Tumbo na makalio yatulie, pumzi isizuiwe. Na nisifanye mazoea ya kukata mkojo chooni.

Kulegeza ndiko kugumu.

22 Februari
Nimekaza na kulegeza barazani, wenzangu wanacheza bao, hakuna aliyejua. Leo mtaalamu kanifundisha kukaza kabla ya kukohoa au kuinuka kitini. Inasaidia kweli. Kahawa nimepunguza, hilo ndilo lililoniuma.

Mazoezi haya aliyatangaza Arnold Kegel, daktari wa Marekani, mwaka 1948, kwa ajili ya wanawake waliojifungua. Mke wangu akacheka: "Karibuni kwetu."

8 Machi
Shekhe kanieleza: asiyeweza kuzuia mkojo ajisafishe, ajifunge vizuri, atawadhe wakati ukishaingia, kisha aswali bila kuchelewa. Nimerudi msikitini, safu ya nyuma. Sijda haina tabu. Kuinuka ndiko kunakotaka kukazwa kwanza.

2 Mei
Usiku nalala mkavu. Mchana ni matone, hasa jioni nikichoka. Wengi huendelea kupata nafuu hadi mwaka, anasema binti. Nina nongwa moja: hospitali hakuna aliyenitajia msuli huu kabla ya upasuaji, wakati ningeweza kuutafuta bila maumivu.

Jirani anapasuliwa mwezi ujao. Nimempa namba ya binti. Aanze leo, mpira ukiwa ndani apumzike, ukitoka aendelee.