Haki ya Mnyama Uliyemfunga

Wameniuliza watu kadha wa kadha, tena baadhi yao ni watu wa elimu, kwa nini nyumbani kwangu analelewa sungura aliyepinda shingo, na hali sungura nyama yake ni halali, kisu kipo, na dawa zina gharama. Wengine waliuliza kwa mzaha. Mmoja aliniuliza kwa ghadhabu, akaniambia ya kuwa huo ni israfu, na kwamba mayatima wa mtaani wana haki zaidi kuliko mnyama. Swali hilo halistahili kujibiwa kwa kicheko, basi nimeona niliandikie jawabu hapa, maana najua ziko nyumba nyingi za pwani zilizo na sungura, paka na ndege wa watoto, na huenda mmoja wenu akafikwa na haya yaliyonifika.

Sungura mwenyewe ni mweupe, uzani wake kilo mbili, na mjukuu wangu alimpa jina la Pamba. Alinunuliwa mwaka 2021, ikiwa ni zawadi ya kuhitimu juzuu ya Amma. Mwezi wa Februari 2023, katika joto la kaskazi, tulimkuta asubuhi kichwa kimelala upande wa kushoto, sikio linagusa sakafu, na macho yanacheza upande huu na huu bila ya kutulia, kama macho ya mtu asomaye mstari kwa haraka. Akijaribu kusimama hubiringika kama chupa iliyoanguka. Mwenye kumwona mara ya kwanza hudhani anakata roho.

Jirani mmoja, mtu mwema sana, akasema huyu amepandwa na jini. Sikubishana naye. Kusoma Qur'ani ni kheri, nami nilimsomea, lakini kusoma hakumzuii mtu kumwendea tabibu, na Bwana Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tutafute dawa. Na ninachokiogopa mimi katika maneno haya ya jini ni kuwa mnyama akishaitwa jini, watoto humpiga mawe, na wakubwa huwaangalia. Nikamtia kapuni nikampeleka kwa daktari wa wanyama.

Daktari alinifahamisha ya kuwa shingo ya sungura hupinda kwa sababu mbili khasa. Ya kwanza ni ugonjwa wa ndani ya sikio. Huko ndani kabisa Mwenyezi Mungu ameweka kiungo kinachomjuza mnyama juu ni wapi na chini ni wapi, na kiungo hicho kikivimba, dunia nzima humzunguka. Usaha wa sungura ni mzito kama siagi, hautoki wenyewe kama utokavyo usaha wa mwanadamu. Sababu ya pili ni kijidudu kisichoonekana kwa jicho, matabibu hukiita Encephalitozoon cuniculi, na makao yake ni katika ubongo na figo. Hutoka kwa mkojo, na sungura mwingine hukipata kwa kula majani yaliyochafuka, au mtoto hukipata kwa mama yake akiwa tumboni. Sungura wengi wanacho maisha yao yote wala hawaugui. Kisha ikija taabu fulani, joto, khofu au maradhi mengine, nguvu za mwili hupungua na kijidudu huamka.

Pamba alitazamwa masikio yakaonekana safi, akachukuliwa damu, na hukumu ya daktari ikawa ni hicho kijidudu. Dawa yake ni fenbendazoli, ambayo wafugaji wetu wanaijua kwa kuwapa mbuzi na ng'ombe kwa ajili ya minyoo. Sungura hupewa miligramu 20 kwa kila kilo ya uzani wake, mara moja kwa siku, kwa muda wa siku 28, pamoja na dawa ya kutuliza uvimbe. Wala asidhani mtu kuwa akiona nafuu siku ya kumi aweza kuacha.

Hapa nawaonya wasomaji jambo moja, kwa kuwa lilitaka kutokea kwangu. Mtu wa nyumbani alileta vidonge vya amoksilini vilivyobaki katika kikohozi cha mtoto, akasema tumpe robo. Nikamzuia. Dawa za jamii ya penisilini zikipita mdomoni mwa sungura huua vijidudu vyema vilivyomo katika utumbo wake, ambavyo kwavyo husaga majani, na sungura hufa kwa kuhara. Dawa hiyo hiyo inayomponya mwanao yaweza kumuua mnyama wako, basi usimpe kitu pasina kuuliza.

Lakini dawa ndiyo kazi ndogo. Kazi kubwa ni kulisha. Tumbo la sungura halitakiwi kusimama. Akikaa nusu ya siku hadi siku nzima bila ya kula, matumbo hulala na khatari ya kifo huwa karibu. Na huyu, kwa kizunguzungu, hawezi kulifikia jani lililo mbele ya pua yake. Tukawa tunaroweka chakula cha punje mpaka kiwe uji, tunakivuta kwa bomba la sindano lililotolewa sindano yake, na kukitia pembeni mwa mdomo kidogo kidogo, kwani kikiingia kwa nguvu hushuka mapafuni. Kila baada ya saa tatu au nne, usiku na mchana. Jani la kwanza alilolitafuna mwenyewe lilikuwa la dania, siku ya tano.

Pana jambo ambalo mtu msafi huenda akalichukia, nami nitalisema kwa kuwa wengi hawalijui. Sungura ana kinyesi cha namna mbili: kile kigumu cha duara tunachokiona, na kingine laini ambacho hukila mwenyewe moja kwa moja kitokapo, na ndani yake mna lishe asiyoweza kukaa bila yake. Aliyepinda shingo hawezi kujifikia. Basi nilikuwa nikikiokota kwa kijiko na kumwekea mdomoni. Katika madhehebu yetu hiyo ni najisi, kwa hivyo nilitenga kanzu kuukuu kwa kazi hiyo, na kabla ya alfajiri nikavua, nikajitoharisha na kwenda msikitini.

Mengineyo ni madogo, lakini yana faida. Alizungushiwa mataulo yaliyokunjwa pande zote mbili asibiringike akajiumiza. Jicho la upande wa chini lilipakwa dawa, maana husugua sakafu na hupata kidonda. Hakunyanyuliwa juu ila kwa dharura, kwa sababu kunyanyuliwa humzidishia kizunguzungu, na akinyanyuliwa mkono mmoja hushika kifua na mwingine hubeba makalio, kwani sungura akirusha miguu ya nyuma aweza kujivunja uti wa mgongo. Alilazwa chumba cha chini, penye sakafu ya baridi na pasipo kelele. Sungura hatoki jasho kama sisi, joto lake hulitoa kwa masikio, na joto letu la mwezi wa Februari na Machi linamwelemea hata akiwa mzima.

Mwisho wa mwezi Pamba alisimama. Shingo ilibaki na pindo dogo, kama mtu anayesikiliza mlangoni. Nyumba nzima ilifurahi, na jirani wa jini naye akaleta sukumawiki.

Novemba 2023 ugonjwa ukarudi. Machi 2025 ukarudi tena, mara ya tatu, na ndipo maswali yalipoanza. Mara ya kwanza watu walituonea huruma na kila mmoja nyumbani alitaka zamu ya kulisha. Mara ya pili zamu zilibakia kwangu na kwa mjukuu. Mara ya tatu nilisikia kwa masikio yangu, humu humu ndani, "Huyu naye hafi wala haponi." Mimi naona huruma ya mara ya kwanza ina fungu la nafsi ndani yake, kwani mtu hupenda kujiona ana huruma. Ugonjwa unaorudi humtoa mtu katika starehe hiyo, ikabaki haki peke yake.

Na haki hiyo ni ipi? Sote tumefundishwa chuoni khabari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Wengi huikumbuka njaa ya yule paka, wakasahau kamba. Hadithi inaeleza kuwa alimfunga, hakumlisha, wala hakumwacha akajitafutia wadudu wa ardhini. Kosa limeanza pale alipomziba njia ya riziki yake na asisimame yeye mahali pa njia hiyo. Paka wa mitaani kwetu Mji wa Kale ana mapaa na majaa ya kutafuta, nami simdai mtu yeyote kumpa dawa. Lakini sungura wa tunduni hana pa kwenda. Sisi ndio tuliomtia tunduni, kwa furaha ya mtoto wetu, wala yeye hakutuomba.

Kwa ajili hiyo wanazuoni wetu wa Kishafii hawakuiweka nafaka ya mnyama katika mlango wa sadaka, bali wameiweka pamoja na nafaka za mke, wazazi na watoto. Mwenye mnyama hulazimishwa: amlishe, au amuuze, au, akiwa ni katika wanaoliwa, amchinje. Basi jawabu la yule ndugu aliyeghadhibika ni hili: yatima ana haki yake katika mali yangu, na kama nimeipunguza na anidai, lakini hailipwi kutoka katika chakula cha aliye kifungoni mwangu. Na kwa hakika dawa ya siku 28 haikufikia bei ya mirungi inayotafunwa barazani kwa siku tatu, wala sijasikia mtu akiuliza mayatima wanasemaje juu ya hiyo.

Ama kuchinja, sitamdanganya mtu. Ingekuwa ni punda, vitabu vyetu vinazuia kumchinja hata kwa nia ya kumpumzisha. Sungura ni halali, na imepokewa kwa Anas bin Malik kuwa walimwinua sungura huko Marri Dhahrani, watu wakamkimbiza wakachoka, yeye akamkamata, Abu Talha akamchinja, na akapelekewa Mtume (s.a.w.) mapaja akayakubali. Kwa hivyo njia ya kisu ilikuwa wazi mbele yangu mara zote tatu. Nimeiacha kwa kuwa daktari alinihakikishia kuwa hana maumivu makali, na nilimwona kwa macho yangu akila, akijisafisha uso na kumfuata mtoto chumbani, ijapokuwa kwa kupinda.

Jambo lililonitia katika mashaka ya kweli halikuwa gharama. Mwaka 2025 dada yangu mkubwa alikuja kukaa kwetu akitibiwa saratani. Daktari wa wanyama aliniuliza kama yuko mtu nyumbani ambaye kinga ya mwili wake imedhoofika, kwani kijidudu hiki huweza, ingawa kwa nadra, kumwingia mtu wa hali hiyo. Hapo nilisema moyoni: haki ya dada yangu iko mbele, na ikibidi, kisu. Nikamweleza dada. Akaniuliza, "Pana njia nyingine?" Nikamwambia ipo: ahamishwe chumba cha uani kilicho mbali, asiguse mtu ila mimi, mkojo uondolewe kila siku, tundu lisafishwe kwa maji ya kuchemka, na mikono ioshwe kwa sabuni. Akasema, "Basi fanya hiyo. Asichinjwe kwa ajili yangu, mie pia ugonjwa wangu ushanirudi mara mbili." Sikuwa na la kumjibu. Nikaenda kutafuta kufuli ya chumba cha uani.

Daktari wake dada naye aliulizwa, akaikubali hiyo njia kwa sharti zake, na mpaka naandika haya hakuna aliyedhurika. Pamba yuko uani, kichwa chake kimelala zaidi kuliko zamani, anakula mwenyewe. Mjukuu wangu hukaa nje ya dirisha akamsomea darasa zake, kwa kuwa kuingia hakuruhusiwi. Nimekwisha kumwambia waziwazi ya kuwa siku mnyama huyu atakapokataa chakula, na daktari akasema hapana njia, nitamchinja mwenyewe kwa kisu kikali, na nyama yake haitaliwa kwa sababu ya dawa. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama dania imebaki jikoni.