Aliyefeli Mtihani Ndiye Aliyewaokoa

Wasee, leo nitaudhi walimu na mashangazi kwa mpigo mmoja. Kipindi kinachoielewa KCSE kuliko vyote nilivyowahi kutazama hakina mwalimu wala dawati, na hakikutengenezwa Kenya. Kinaitwa Lost in Space.

Najua, mnawaza ni roboti na milipuko tu. Hebu nisikilizeni. Na kama hujakiona, pole, nitakuharibia utamu kidogo.

Toleo la kwanza lilionyeshwa Marekani kati ya 1965 na 1968. Familia ya Robinson inapotea angani, na kipindi kikakatizwa kabla hawajafika nyumbani. Mimi naongelea toleo la Netflix, lililoanza 2018 na kuisha 2021. Humo, kuhamia koloni la Alpha Centauri si kukata tikiti tu. Unapimwa kwanza. Judy ana miaka 18 na tayari ni daktari. Penny anapita. Will, kitinda mimba wa miaka 11, anafeli kipimo cha kuhimili presha. Mamake, Maureen, hakubali kumwacha nyuma. Anapitia mlango wa nyuma, matokeo yanabadilishwa, na safari inaanza.

Sasa ona. Chombo chao kinaanguka kwenye sayari wasiyoijua na kuzama majini. Judy anapiga mbizi kufuata betri, maji yanaganda, ananaswa ndani ya barafu akiwa hai. Mwenye akili nyingi zaidi kati ya watoto amekwama. Will naye amepotea msituni, moto unamfuata, na juu ya mti kuna roboti ngeni iliyokatika vipande viwili. Anaogopa hadi anatetemeka. Lakini anashika msumeno na kukata tawi ili kuisaidia. Roboti ile inamwokoa kutoka motoni, kisha inayeyusha barafu na Judy anatoka.

Kipimo kilitaka mtu asiyetetemeka. Hakikuuliza huyu mtu akiwa anatetemeka atafanya nini.

Mtaniambia natetea wizi wa mtihani. Zii. Maureen alidanganya, na kuna mtu mwingine kwenye safari hiyo aliyeingia kwa uongo: June Harris. Yeye anamlewesha dadake dawa na kuchukua nafasi yake, kisha anamvua koti daktari aliyejeruhiwa, anajiita Dr. Smith, na kumwacha pale. Wote wawili, yeye na Will, hawakustahili kiti kwa mujibu wa karatasi. Mmoja akikuta kiumbe kimeumia anakisaidia. Mwingine akikuta mtu ameumia anamwibia. Karatasi iliwaona sawa. Hapo ndipo shida yangu ilipo.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Tangu siku hiyo, kwa mikutano ya familia naulizwa swali moja tu: "Utarudi lini?" Hakuna anayeuliza nafanya nini siku hizi, ingawa kodi yangu najilipia. Hilo nimelizoea. Kinachoniuma ni mdogo wangu, yuko kidato cha nne. Juzi aliniuliza, tena kwa sauti ya chini, kama akipata D bado atakuwa anaitwa kwa hizo mikutano.

Mtoto wa miaka 17 anawaza kama familia yake ina mchujo.

Mtihani ufanywe, sina noma nao. Daktari anayenipasua namtaka awe amesoma kama Judy. Lakini mtihani ni wa kugawa kazi na nafasi za chuo, si wa kuamua nani abaki kwenye meza ya nyumbani. Maureen alikosea njia, ila jambo moja alilijua: kwake, Will hakuwa mgombea. Alikuwa mwanawe.

Wazazi, matokeo yatatoka tu. Mwambieni mtoto leo, kabla hayajatoka, kwamba kiti chake kipo. Mimi wangu nimeshamwambia.

Haya, bishaneni nami: Will alistahili kupanda kile chombo ama hapana?