Alitaka "Praima ya Ndege" Kwenye Bajaji ya Mkewe

Pale Makorora, Tanga, kuna bajaji moja ambayo rangi yake nusura ivunje ndoa. Siyo utani.

Bajaji ni ya mke. Aliinunua mkononi kwa hela ya mchezo na mkopo juu, ile mikopo ya kausha damu mnayoijua, marejesho kila wiki. Mume ndo dereva. Shida ikawa chumvi. Upepo wa bahari hauna huruma, bati likichubuka kidogo tu kutu inaanza. Sakafu ya nyuma ilishatoboka, abiria anaiona lami.

Mke akatoa laki tatu na nusu. "Baba, anza na kutu. Urembo baadaye."

Sasa jamaa ni mtu wa YouTube. Yule fundi wa Tunduma aliyeunda helikopta mnamkumbuka? Huyu naye ndoto zake ndo hizo. Alikuwa anakesha na video za wazungu wanaojiundia ndege gereji kwao, akaona ndani zinapakwa praima ya kijani. Kesho yake yuko maduka ya rangi anaulizia "praima ya ndege". Wauzaji walicheka mpaka basi.

Mwisho akafika kwa fundi mmoja mzee, Ngamiani. Shikamoo, marahaba, akakalishwa kwenye benchi.

"Ile ya kijani ni zinki kromati, mwanangu. Ni ya alumini, na bajaji yako ni chuma. Halafu vumbi lake linaleta saratani, ndo maana wengi wameiacha wakahamia epoksi. Na hao wenye ndege wenyewe wanabishana, maana praima ina uzito na huko juu kila kilo inahesabiwa. Wewe huruki. Ogopa chumvi."

Akampa kazi yote. Palipotoboka kata, choma bati jipya. Piga msasa mpaka chuma king'ae. Osha na maji ya bomba chumvi itoke, kausha, futa na thina, na ukishafuta usiguse kwa mkono, vidole vina mafuta. Epoksi ina makopo mawili, changanya kwa kipimo, siyo kwa macho. Koti mbili nyepesi. Vaa maski ya mafundi rangi, siyo ile ya korona. Na usiiache siku nyingi bila rangi, ikikomaa sana rangi haishiki mpaka upige msasa tena.

Jamaa akasema sawa mzee. Akaondoka, akanunua redioksaidi ya bei chee, akaipaka juu ya kutu kwa siku moja. Chenji ikaenda kwenye spika na taa za rangirangi.

Bajaji ikatoka zambarau inameremeta. Status zikajaa "umetisha mwamba". Mke mwenyewe alipiga nayo picha Raskazone.

Masika ikaingia. Rangi ikaanza kuvimba kama chapati kwenye kikaango. Mke akabonyeza kwa kidole, ikadondoka na kutu yake. Akaomba risiti ya praima. Elfu kumi na nane.

Hakupiga kelele. Alichukua ufunguo, akauza spika, akaipeleka bajaji kwa yule mzee, akakaa kwenye benchi siku tatu anaangalia. Msasa alipiga mume, kwa mkono, mpaka vidole vikachanika. Marejesho ya wiki hiyo yalitoka kwenye viazi karai alivyokaanga usiku.

Hela ikaishia kwenye epoksi. Ya rangi hakuna, na mzee ameshasema epoksi haipendi jua, wasikae nayo hivyo muda mrefu. Mke kajibu rangi itakuja marejesho yakiisha, na siku hiyo mwenye msasa ni yule yule.

Kwa sasa jamaa anapakia abiria na bajaji ya kijivu, haina muziki, haina taa. Wenzake kijiweni wameipa jina: Ndege ya Jeshi.