Dada wa Kariakoo na kopo la stempu: alitafuta hela ya kodi, akakutana na babu yake

Wakati wa rika lake wanaposti viatu na misosi, kuna dada mmoja muuza makava ya simu Kariakoo (jina kapuni) ambaye status zake siku hizi ni samaki, vipepeo, twiga na Malkia wa Uingereza. Vyote vipo kwenye vikaratasi vyenye meno pembeni. Mwanzoni watu walimuuliza anauza stika bei gani. Alipowajibu kuwa ni stempu, za barua, kuna mmoja aliuliza barua gani tena.

Ana miaka 27 na hajawahi kutuma barua ya posta maishani mwake. Kilichomuingiza kwenye mambo haya si mapenzi ya historia wala nini. Ni kodi.

Ilikuwa hivi. Nyumba ya bibi yake kule Tanga ilitakiwa kupangishwa, kwa sababu bibi mwenyewe kahamia kwa shangazi Mbagala. Familia ikamtuma yeye na baba yake mdogo wakatoe vitu. Vyenye thamani vilishagawanywa na wakubwa, si unajua mambo ya familia. Uvunguni likabaki kopo la bati la biskuti, limeshika kutu, ndani yake bahasha tupu 26. Barua zenyewe hazimo, ni bahasha tu. Baba mdogo akasema choma hizo. Dada akalitia kwenye begi, akili yote ikiwa Dar, ambako mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita na yeye amepungukiwa laki na arobaini.

Sasa kwenye basi la kurudi akaingia mtandaoni. Akaandika "stempu za zamani bei", na hapo ndipo wengi wanapopotelea. Maana jibu la kwanza unalokutana nalo ni ile stempu moja ya British Guiana ya mwaka 1856, ya senti moja, ambayo duniani inajulikana kuwepo moja tu. Mwaka 2014 iliuzwa New York kwa karibu dola milioni 9.5. Mwaka 2021 ikauzwa tena kwa dola milioni 8.3. Ukiwa na deni la kodi, kichwani unabaki na hizo milioni tu. Hilo la "moja tu" linapita bila kusomwa.

Usiku ule ule akachukua mkasi. Bahasha saba akazikata kona yenye stempu, vipande akavitia kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, kama video ilivyoelekeza. Na ukweli video haikudanganya, ndivyo stempu zinavyobanduliwa: unaacha karatasi kidogo kuzunguka stempu, unaloweka dakika kama kumi na tano, unasubiri iteleze yenyewe bila kuivuta, kisha unailaza kifudifudi kwenye karatasi nyeupe ikauke, halafu unaibana ndani ya kitabu kizito ikae sawa. Bahasha za rangi kali unaziloweka peke yake, la sivyo rangi inachuja na kuharibu beseni zima. Zake zilitoka safi kabisa. Bahasha zilizobaki na tundu kwenye kona akazitupa.

Wiki hiyo mteja mmoja akamuunganisha na mzee mmoja mstaafu wa Upanga anayekusanya stempu tangu akiwa shule ya msingi. Dada akaenda na kopo lake, shikamoo nyingi, matumaini kibao. Mzee akazitazama zile saba kwa kioo cha kukuzia, akizishika kwa kibano chenye ncha bapa, maana vidole vina mafuta na jasho.

"Binti, hizi ni nzuri," akasema. "Lakini zilichapwa nyingi sana. Moja utapata mia tano, ukibahatika buku."

Hapo ndipo hobi hii inapowatoa wengi. Watu wanadhani uzee ndio bei. Stempu ya kwanza duniani ya kubandika, ile nyeusi ya Uingereza yenye kichwa cha Malkia Victoria iliyoanza kutumika Mei 1840, ilichapwa zaidi ya milioni 68. Kwa hiyo pamoja na uzee wake wote, hadi leo si kitu adimu kihivyo. Bei inatokana na ngapi zimebaki, zina hali gani na nani anazitaka. Jino moja likikatika, au nyuma kukiwa na doa la fangasi (na kwa unyevu wa Dar fangasi hana huruma), thamani inashuka. Ukiibandika kwa selotepu, basi hapo umeimaliza.

Mzee akauliza bahasha za zile saba ziko wapi. Kimya. Akachukua zile kumi na tisa zilizobaki nzima, akaanza kuzigeuza moja moja, taratibu, na safari hii hakutazama stempu. Alitazama mihuri.

Kwa mtoto wa miaka hii, hapa inabidi kuelezwa kidogo. Kenya, Uganda na Tanzania ziliwahi kuwa na posta moja, kama zilivyokuwa na reli moja na shirika moja la ndege, chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya zamani. Kwa hiyo kulikuwa na stempu zenye majina ya nchi zote tatu kwenye kikaratasi kimoja, na mpangilio wa majina unabadilika: hii Kenya imetangulia, ile Uganda, nyingine Tanzania, kila mtu apate zamu yake ya kuwa mbele. Sambamba na hizo kila nchi ilikuwa na zake za kawaida. Tanzania ilitoa samaki mwaka 1967 na vipepeo mwaka 1973. Kenya ilitoa makome mwaka 1971, zile nyumba za konokono wa baharini. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Februari mwaka huo Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi 1983.

Bahasha za kwenye kopo zilitoka Nairobi kwenda Tanga. Babu yake dada alikuwa fundi wa reli huko. Muhuri wa ya mwisho ulisomeka Januari 1977.

"Stempu ikibanduliwa inabaki picha," mzee akamwambia. "Ikiwa juu ya bahasha, na muhuri wake, inakuonyesha ilitoka wapi na lini. Hizi kumi na tisa nakupa laki na nusu. Ila usizikate tena."

Laki na nusu. Kodi yote ingekamilika na nauli ya daladala ingebaki. Dada akaomba siku mbili afikirie, na ukweli hakuwa anafikiria kitu. Alitaka tu kumuaga bibi kiungwana kabla ya kuuza, asije akasikia kwa watu.

Jumapili akaenda Mbagala. Bibi yuko kwenye themanini na kitu, macho yamechoka, ila ulimi bado. Alipowekewa bahasha mapajani hakuuliza zimetoka wapi. Akaanza kupitisha kidole kwenye kona za juu.

"Hii kome, hii ni yake," akasema. "Hii samaki si yake, labda ya kaka yangu wa Mwanza, imechanganyika. Hii kome. Hii kome."

Kumbe miaka hiyo bibi hakuwa anajua kusoma. Barua zilikuwa zinasomwa na kijana wa jirani, kwa sauti, watu wazima wengine wakiwa wamekaa hapo hapo, na mambo ya mume na mke yakawa habari ya mtaa. Ndiyo maana barua zenyewe alizichoma. Bahasha hakuchoma. Mleta barua alipotokea, bibi alikuwa anatazama kona kwanza: akiona kome anajua mume wake yuko hai na ana kazi, hata kabla kijana wa jirani hajafungua mdomo. Baadaye akaingia kisomo cha watu wazima, akajifunza, lakini alipoanza kusoma vizuri mume alisharudi na hakukuwa na barua tena.

"Zilikuwa nyingi zaidi ya hizi, mwanangu," bibi akasema.

Dada akajibu kwamba nyingine zipo nyumbani. Ambalo ni kweli, kwa namna fulani.

Mzee wa Upanga hakuzipata. Alipopigiwa simu alicheka tu, akasema alitegemea hivyo. Kodi ililipwa kwa njia ile ile ya wauza duka wengi Kariakoo: dada alibadilishana zamu ya mchezo na mwenzake, akapokea mwezi ule badala ya Desemba, na Desemba yake ikawa kavu kweli kweli. Hakuna aliyetajirika kwenye habari hii.

Ila hobi ikabaki, na mzee kawa mwalimu. Ushauri wake wa kwanza ulikuwa usikusanye dunia nzima, utafilisika na hutafika popote. Chagua kitu kimoja kidogo: ndege, treni, mpira, mkoa wako, mwaka uliozaliwa. Dada kachagua stempu za nchi tatu tu, zile za Jumuiya, na zinapatikana kwa bei ya soda ukiwa na subira. Anajaribiwa sana na za Zanzibar, hasa zile za Sultani zilizogongwa "JAMHURI 1964" juu yake baada ya Mapinduzi, kwa kuwa mapinduzi yametokea na stempu mpya hazijachapwa, basi wakagonga chapa kwenye zilizokuwepo. Mzee kamwambia atulie kwanza.

Vifaa vyake ni kibano, kioo cha kukuzia na albamu yenye mifuko ya plastiki ambayo stempu inachomekwa bila gundi. Dirisha la posta anakwenda pia, anunue mpya zikitoka. Ila kwa wazee ndiko kwenye hazina: makarani wastaafu, ofisi za misikiti na makanisa, mawakili wa zamani, yeyote aliyewahi kuwa na sanduku la posta na hapendi kutupa vitu. Zile kubwa za rangi rangi za miaka ya 80 na 90, zenye dainosaria na mastaa wa nje na jina la Tanzania, hazimbabaishi. Nyingi zililenga wakusanyaji wa ng'ambo, na barua za hapa hazikuzionja sana.

Bahasha kumi na tisa ziko kwenye albamu, nzima, zimepangwa kwa tarehe ya muhuri. Zile stempu saba zina ukurasa wao peke yao. Chini ya kila moja kaandika kwa penseli mwezi na mwaka, kwa namna anavyokumbuka kuuona kabla ya mkasi. Chini ya mbili hakuna kitu, na bibi kila akifungua ukurasa huo anauliza za lini.