Maganda Yaliyotugombanisha na Jirani

Mama wenzetu, wiki hii tunasimulia habari ya maganda.

Hapa Bafwasende kila nyumba inamenya mihogo na makemba. Sisi tulikuwa tunatupa maganda nyuma ya jikoni, mengine tunayashusha mpaka ukingo wa Lindi. Hatukuona ubaya. Siku moja mbuzi wa jirani alikula maganda mabichi ya mihogo michungu, na jioni akafa. Sumu ya mihogo hiyo imejaa kwenye ganda. Mbuzi yule alikuwa pesa ya masomo ya watoto. Tulichanga tukamlipa jirani, lakini salamu zilipoa.

Ndipo tukachimba shimo. Tulikosea. Tulijaza maganda mabichi peke yake, yakanuka, nzi wakajaa, waume zetu wakatucheka. Mama mmoja mzee wa kikundi akasema, "Mmeyanyima hewa." Tukaanza upya juu ya ardhi, chini ya kipaa cha majani ili mvua isizidi: tabaka la maganda, tabaka la majani makavu, udongo na majivu kidogo. Tukazungushia miti mbuzi wasifike. Kila wiki 2 tunageuza kwa jembe. Ukiingiza mkono katikati, unautoa haraka kwa joto. Baada ya miezi kama 4 tulipata udongo mweusi usio na harufu mbaya, na maganda hayaonekani tena.

Faida si ya bustani tu. Takataka za chakula zikioza bila hewa, zinatoa gesi ya methani, inayoshika joto la dunia zaidi ya mara 25 kuliko gesi ya kaboni. Na msitu wetu tunaujua: tunakata, tunachoma, tunavuna misimu michache, udongo unachoka, tunasogea mbele tena na mtoto mgongoni. Shamba la mihogo bado liko mbali, lakini bitekuteku na matembele sasa tunachuma nyuma ya nyumba.

Kuna na moto. Kule Kampala vikundi vya wanawake vinakausha maganda ya ndizi, vinayachoma ndani ya pipa lenye hewa kidogo mpaka yawe makaa, vinayaponda, vinayachanganya na uji wa unga wa muhogo, vinafinyanga na kuanika. Hayo ndiyo makala yao, na hakuna mti uliokatwa. Sisi tumejaribu mara moja. Mvua ilituharibia yote kabla hayajakauka. Tutarudia msimu wa jua.

Mwezi uliopita jirani yetu alikuja na kikapu kitupu, akaomba mbolea ya nyanya zake. Tulimjazia. Tangu siku ile analeta maganda yake mwenyewe, na anakaa kidogo tuongee.

Mama mwenye pipa la chuma lililozeeka, tafadhali atuambie.