Barua Yangu na Barua ya Mama

Nawaandikia kutoka Gisenyi.

Mimi ni mtoto wa Kiziba, nimezaliwa pale pale kambini baada ya kambi kufunguliwa 1996. Siku hizi napanga chumba kidogo huku Mbugangari na kufanya kazi jikoni, kwenye hoteli moja kando ya ziwa. Vijana wengi wananiuliza habari ya ile programu ya Ujerumani niliyoiomba. Basi leo nawaeleza wote, na wazazi pia.

Programu inaitwa weltwärts. Ni ya serikali ya Ujerumani. Ilianza 2008 kwa kupeleka vijana wao nchi za nje, na tangu 2013 vijana wa kwetu nao wanaweza kwenda kule. Inachukua wenye umri wa miaka 18 mpaka 28. Unajitolea mwaka mmoja, labda kwa watoto wadogo, labda kwenye nyumba ya wazee. Hakuna mshahara: ni mahali pa kulala, chakula, bima na pesa kidogo ya mfukoni. Maombi yanapitia kwa mashirika, na waombaji ni wengi kuliko nafasi.

Kwanza nikakutana na bwana mmoja akitaka faranga 150,000 eti anipitishe. Nilikuwa karibu kukopa. Vijana, anayekuomba pesa ili jina lako lipite, mkimbieni!

Halafu nikaandika barua ya kueleza kwa nini nataka kwenda. Kurasa mbili nzima: vita ya Masisi, nyumba kuchomwa, watu kutembea usiku. Mama alikuwa amekuja kunitembelea, nikamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mwanangu, hii yote ni yangu. Yako iko wapi?"

Nilikosa jibu. Kweli, ile vita mimi sikuiona.

Usiku ule nikaandika upya. Nikasema napika chakula cha watu themanini bila kuunguza. Nikasema nilipokuwa mdogo nilimchotea maji bibi mmoja jirani yetu asiyeona, kisha nikakaa naye mlangoni nikimwambia nani anapita njiani. Kazi ya kukaa na wazee naijua toka zamani.

Nikaitwa kwenye mahojiano, kwa simu. Yalikwenda vizuri mpaka swali hili: "Mwaka ukiisha, utarudi nyumbani?" Nyumbani wapi? Kongo iko ng'ambo ya mpaka, natembea kwa mguu nafika, lakini sijalala huko hata usiku mmoja. Nikajibu tu: "Nitarudi kwa mama."

Baadaye nikajifunza kwamba swali hilo lina jibu la karatasi pia. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 28, unazungumzia hati ya kusafiria ya mkimbizi. Ukiwa nayo na muda wake haujaisha, nchi iliyoitoa inapaswa kukupokea tena. Msingoje kuchaguliwa ndipo muanze kuulizia hati hiyo, maana inachukua muda.

Majibu yalikuja: sikuchaguliwa. Nikampigia mama. Akanyamaza, halafu akasema pole. Wiki chache baadaye akanikiri kwamba alikuwa akiomba Mungu nisichukuliwe. Wadogo zangu bado wanasoma, presha inamsumbua, na pesa ninayotuma ndiyo inayoongezea ile ya chakula. Tena alisema: "Waliotoka kwangu zamani, wengi hawakurudi."

Sikumkasirikia. Lakini tangu siku ile tunaongea ukweli. Tumepanga nani atabaki karibu naye, na dada yangu amekubali.

Umri wangu umefika mwisho, nimebakiza nafasi moja tu ya kuomba. Juzi mama mwenyewe ndiye aliyeniuliza fomu inafunguliwa lini.

"Jaza," alisema. "Lakini barua unisomee kwanza."